Amplifaya ya Profesa

Tulimzika Kalisti mwezi uliopita, pale Biharamulo, na mimi nilicheka msibani. Sikukusudia. Msemaji wa ukoo alikuwa anasoma wasifu wa marehemu, akafika mahali pa kusema kwamba marehemu ndiye fundi wa kwanza katika wilaya nzima kuunda kwa mikono yake amplifaya ya gitaa, na kwamba vijana wa leo wanaopiga muziki kwa kubonyeza vitufe wajue kuna mtu aliyewatangulia. Kicheko kikanitoka puani kabla sijakikamata. Nikafunika mdomo kwa upindo wa kitenge, nikainama, mabega yakanitikisika, na mama mmoja aliyekaa kando yangu akaanza kunipapasa mgongo. "Lia tu, mama," akaniambia. "Kulia ni dawa." Nikamwacha anipapase. Ningemweleza nini?

Nilikuwa nimetoka Ngara kwa ajili ya Editha, mjane wake. Kwa Kalisti mwenyewe nisingevuka hata mfereji. Najua husemwa kwamba marehemu hasemwi vibaya, lakini nimeishi umri wa kutosha kuona watu wema wakifukiwa kimyakimya na wenye majivuno wakisomewa sifa mpaka jua linawapiga waombolezaji utosini, na sioni kwa nini kaburi limpe mtu heshima ambayo hakuistahili alipokuwa anapumua. Katika wasifu ule kuna jina lililopaswa kutajwa, jina la Masanja, na halikutajwa. Masanja alishatangulia miaka mingi nyuma, kwao Nyamahanga, akazikwa kati ya zizi la ng'ombe na shamba la pamba, na habari zilinifikia wakati matanga yameshaondolewa. Basi nikiwa nimekaa chini ya turubai, uongo ukisomwa kwa kipaza sauti, niliamua kwamba nikifika nyumbani nitauandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Zilikuwa enzi za sukari kupangiwa foleni na sabuni ya mche kukatwa vipande kwa uzi ili iende mbali. Kalisti alikuja Rulenge siku ya sikukuu ya parokia, akanisikia nikiimba kwaya, na baada ya misa akanisubiri nje akiwa amevaa tai juu ya shati la mikono mifupi. Akajitambulisha kuwa mkurugenzi wa bendi. "Binti, sauti unayo," akasema. "Kinachokosekana ni sayansi." Biharamulo nzima ilimwita Profesa, na haikunichukua muda kugundua kwamba jina lile alijipa mwenyewe na kwamba waliomwita hivyo walikuwa wanamcheka. Shule aliishia darasa la saba, kama wengi wa rika lake, na hilo si aibu hata chembe. Aibu ilikuwa kusema "kwa lugha ya kitaalamu" kabla ya kila kitu, hata kabla ya kuomba chumvi. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kungoja matokeo Rulenge kulikuwa kungoja tu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu na kuta zisizofika juu. Dari hapakuwa, ukuta uliishia usawa wa mlango, kutoka hapo ni uwazi mpaka kwenye mabati, hivyo aliyepiga chafya chumba kimoja aliombewa afya kutoka chumba kingine. Mimi nililala stoo, kati ya magunia ya maharage na ngoma za bendi, na kwa mwaka ule niliyasikia maneno ya nyumba ile yote, ya mapenzi na ya matusi, nipende nisipende. Editha alipika ndizi na maharage kwa mafuta ya mawese, sufuria moja kwa sisi sote, na pembeni kipande cha nyama au samaki kwa ajili ya Kalisti peke yake, maana ubongo, alisema, haukui kwa maharage. Alikula akitufundisha jinsi sauti inavyosafiri. Alikuwa na ukucha mrefu wa kidole kidogo, akiutumia kuchokoa meno katikati ya sentensi, na sentensi iliyokatishwa ilitungoja, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mezani mpaka imalizike. Editha alikaa kwenye kigoda mlangoni, sahani mapajani, akitazama nje. Niliyemwona mwaka ule alikuwa mwanamke wa kusema "ndiyo" na "tayari", na mimi, katika kiburi cha umri wangu, nikamhesabu kuwa sehemu ya vyombo.

Mpiga gitaa wetu alikuwa Masanja, na kusema kweli Masanja ndiye alikuwa bendi. Ukoo wake ulihamia Nyamahanga na mifugo kutoka upande wa Shinyanga, na gitaa alijifunzia machungani, kwa gitaa la debe lenye nyuzi za breki ya baiskeli. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye aibu ya kuongea Kiswahili mbele yangu kwa kuwa nilikuwa mtu wa shule. Lakini alikuwa na namna ya kuichelewesha nota ya mwisho, kama mgeni anayesimama mlangoni na kukumbuka neno moja zaidi kabla hajaaga, na nikiimba naye nilijikuta namsubiri. Kalisti, ambaye gitaa lilimshinda, akabaki na kijiti cha kuongozea, alimwita "mchungaji", na hakumaanisha wa kanisani. Alikuwa akimnyang'anya gitaa, anazungusha vifundo vya nyuzi mpaka sauti zote zinapotea, kisha anamrudishia akisema, "Sasa liko sawa." Masanja alishukuru, akageuka ukutani na kuliweka sawa upya, taratibu, asimwaibishe.

Tatizo lilikuwa kusikika. Bendi moja ya Ngara ilikuwa imepata amplifaya ya dukani, na katika harusi watu walikuwa wanatuambia wazi kwamba wenzetu wanasikika mpaka barabarani. Kalisti aliumia kuliko ambavyo mwanamume angeumia kwa kuibiwa ng'ombe. Akatangaza kwamba vitu vya dukani ni vya watu wasio na kichwa, yeye ataunda yake mwenyewe, tena si hizi za kisasa bali ya vioo, zile zinazowaka ndani kama makaa. Tukapanda lori kwenda Rulenge, ambako katika karakana ya misheni alikuwepo bruda mmoja mnene, Bruda Ladislaus, aliyekuwa na redio kubwa ya mbao iliyokufa, na alikuwa radhi kuitoa kwa atakayeitumia vizuri.

Maneno ya siku ile nayaandika kama Bruda alivyoyarudia kwangu baadaye, maana kwa wakati ule rangi za nyaya zilinipita. Aliichomoa transfoma kutoka kwenye tumbo la redio akaitua juu ya benchi. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, nyaya zimeitoka pande mbili.

"Sikiliza," akasema. "Hizi nyeusi mbili ndizo zinazoingiza umeme wa ukutani. Upande wa pili, hizi nene za kijani ni za kuwasha moto ndani ya vioo. Hizi nyekundu mbili zinatoa umeme mkali kuliko wa ukutani, unaweza kulaza fahali. Na huu mwekundu wenye mstari wa njano ni wa katikati. Huu ndio uende kwenye bati unapofungia vitu vyote. Nyeusi zisiguse bati kamwe. Ukifunga nyeusi kwenye bati, bati linaweza kuwa umeme, na gitaa limeungwa na bati. Mshika gitaa ndiye atakayejua."

"Nafahamu, Bruda."

"Nikuchoree?"

"Tusichoshane, Bruda. Mambo haya yako kwenye damu."

Bruda alimtazama kitambo. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumsaidia, akafunga transfoma ndani ya gunia. Nilichokumbuka mimi ni uso wake: uso wa mtu anayemkabidhi mlevi funguo za gari.

Kazi ilifanyikia kwenye meza ya sebuleni, na kwa siku zile tulikula tumekaa sakafuni. Kalisti alikata bati la paa, akalitoboa kwa msumari, akapanga vioo vyake. Risasi ya kuungia aliiyeyusha kwa chuma alichokipasha kwenye jiko la Editha, nyumba ikanuka moshi wenye utamu mbaya. Wapita njia aliwaita ndani waje waone. Adhuhuri moja, nikiwa stoo nachambua maharage, nikasikia nyundo imenyamaza. Ukimya wa Kalisti ulikuwa kitu cha kusikilizwa, nikasikiliza.

"Mbona umekaa tu?" ilikuwa sauti ya Editha.

"Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Kuna waya wa kwenda kwenye bati. Ama ni huu wenye mstari, ama ni mmoja wa hizi nyeusi. Bruda alisema. Limenitoka."

"Kesho kuna lori la Rulenge. Nenda ukamwulize."

"Nikamwulize? Mimi?"

"Si yeye aliyekupa?"

"Editha, nikienda kuuliza, kesho kutwa Ngara nzima itasema Profesa hajui waya unakwenda wapi."

"Kwani unajua?"

Nikashika punje ya maharage mkononi bila kuiangusha. Kisha Kalisti akasema, kwa sauti nyepesi ya mtu aliyefumbua fumbo: "Nitazifunga zote mbili. Mojawapo itakuwa yenyewe."

Niliyarudia maneno hayo kwa Masanja jioni ileile, nikiiga sauti ya Kalisti, na tulicheka mpaka akashika ukuta. Lakini siku ya kuijaribu, umeme wa mji ulipokuja, vioo vikawaka rangi ya machungwa, Masanja akagusa uzi mmoja, na hapa lazima niseme kweli inayoniudhi hadi leo: sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa nene, ina joto, na ile nota yake ya mwisho sasa ilikaa hewani ikizunguka kama harufu ya kahawa inayokaangwa. Masanja alifunga macho. Kalisti alisimama katikati ya sebule mikono kiunoni, na watoto wa mtaa walijaa mlangoni. "Mmeona?" akasema. "Kwa lugha ya kitaalamu, mmeona?" Hakuna kinachomharibu mpumbavu kama kubahatisha akapata.

Wiki zilizofuata Masanja alisema mara mojamoja kwamba nyuzi zinamwasha. "Linawasha kama upupu," aliniambia, akisugua vidole. Siku nyingine haliwashi, siku nyingine linawasha. Bruda alikuja kunieleza baadaye kwamba ilitegemea plagi imechomekwa upande upi: upande mmoja bati lilikuwa salama, upande wa pili lilikuwa umeme mtupu, na kilichomwokoa Masanja siku zile mbaya ni katambuga zake, ndala zake za tairi, alizokuja nazo kutoka machungani. Alipomweleza Kalisti juu ya mwasho, Kalisti alimpiga begani. "Huo ndio ukali wa muziki, mchungaji. Hujauzoea."

Ndipo ikaja harusi ya binti wa mfanyabiashara mmoja mkubwa wa pale mjini, na tukachaguliwa sisi badala ya bendi ya Ngara. Ilikuwa ukumbini, mchana kuelekea jioni. Baba wa bibi harusi alikuwa amechangia mafuta ili umeme uwashwe mapema. Sakafu ya saruji ilikuwa imetoka kuoshwa, maji bado yamesimama kwenye mabonde yake. Plagi yetu ilikuwa imevunjika kwenye mkokoteni, kwa hiyo Kalisti alimenya nyaya kwa meno, akazisokomeza kwenye tundu la ukutani na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Kisha akarudi nyuma kututazama tulivyojipanga, kama bwana harusi ni yeye. Macho yake yakashuka mpaka miguuni kwa Masanja.

"Hivyo ni nini?"

"Viatu, Profesa."

"Hivyo ni viatu vya kuswagia ng'ombe. Mbele ya wageni wangu? Vua."

"Sina vingine."

"Bora miguu mitupu. Miguu ni ya Mungu. Vua!"

Masanja akavua, akavipanga vizuri nyuma ya spika. Nikamwona anakanyaga saruji na kujikunyata kwa baridi ya maji. Maharusi walikuwa wameanza kuingia, wanawake wanapiga vigelegele, Kalisti akainua kijiti chake, Masanja akashika nyuzi.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu hupiga kelele. Alinyooka kama aliyevutwa na kamba kutoka juu, mkono wake wa kushoto ukajifunga kwenye shingo ya gitaa, taya zikakazana, akaanza kutetemeka, na spika ikawa inanguruma. Wageni wakashangilia. Walidhani ni mbwembwe. Kalisti naye alidhani ni mbwembwe, au alitaka iwe mbwembwe, maana alikuwa anapunga kijiti akisema, "Piga! Piga!" Mimi nilikuwa karibu na Masanja kiasi cha kuona macho yake, na macho yake yalikuwa yananiita. Nikapiga ukelele kwenye kipaza sauti. Aliyekimbia alikuwa Editha. Alikuwa ameshika sinia la pilau kando ya mlango. Akalitupa, wali ukatawanyika sakafuni, akazivuta zile nyaya ukutani kwa mkono uliofungwa khanga. Masanja akaanguka chali na gitaa bado limo mkononi, na ilibidi wanaume wavibandue vidole vyake kimoja kimoja, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimezama kwenye nyama.

Aliishi. Hospitalini walimwokoa, na mkono wakaufunga, lakini vidole viwili vya kushoto havikunyooka tena mpaka anaingia kaburini. Kalisti alikwenda kumwona mara moja, amevaa tai, akakaa kitandani pa mgonjwa na kumweleza kwa muda mrefu jinsi yeye, Kalisti, alivyoumia kuona kazi yake inaingia doa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa Masanja. Nilitamani kummwagia, na najuta mpaka leo kwamba uji ulikuwa umepoa.

Msibani, baada ya mazishi, Editha aliniita ndani tukakaa sisi wawili kwenye mkeka. Amezeeka vizuri, amekuwa mwembamba na mkavu kama kuni nzuri. "Nilikuona unacheka," akaniambia. Nikamwomba radhi. "Usiniombe. Ule wasifu aliutunga mwenyewe akiwa kitandani, na mimi nimepunguza. Ungeusikia wote ungeanguka." Tukacheka wote wawili kwa sauti ndogo, kwa kuwa nje walikuwa bado wanasali. Nikamwuliza swali nililolibeba miaka yote: alikaaje naye? Akanyoosha miguu yake, akaitazama. "Domitila," akasema, "wewe ulikuwepo siku ile. Tangu siku ile nilikuwa na mume anayesikia." Siku ile aliyoisema ndiyo iliyobaki kusimuliwa.

Masanja akiwa bado hospitalini, kaka yake mkubwa alikuja kutoka Nyamahanga na wenzake wawili. Aliitwa Malongo, mtu mfupi, mpana, mwenye fimbo nyeusi aliyoiacha nje ya mlango kwa adabu. Editha aliwaandalia chai. Kalisti akawapokea kama mkuu wa wilaya. Walikuja kuuliza kilichomfika ndugu yao, hicho tu, na mtu mwenye haya angewajibu kwa sentensi moja. Lakini Kalisti tangu siku ya harusi alikuwa akisema mitaani kwamba ni husuda, ni watu wa Ngara, na sasa, mbele ya wageni wanaomsikiliza kwa makini, kile kitu kikamkolea mdomoni.

"Kwa lugha ya kitaalamu," akasema, "mashine haina kosa. Imepigwa miezi, mnaweza kuuliza. Sasa jiulizeni, kwa nini siku ile? Kuna mtu hapa jirani hapendi muziki wetu. Kila tukipiga analalamika. Siku ya harusi, tukiondoka, alisimama mlangoni kwake akatutazama mpaka tukapotea."

"Nani huyo?" Malongo akauliza.

"Mimi simtaji mtu. Lakini ng'ambo ya uzio huu kuna nyumba moja, na anakaa mtu mmoja."

Aliyekaa pale ni Bibi Leokadia. Kikongwe, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima, na sina haja ya kumweleza mtu wa kwetu macho mekundu yalikuwa na maana gani kwa mwanamke anayeishi peke yake. Alikuwa kweli amelalamika kuhusu ngoma. Alikuwa anaumwa kichwa. Wale wenzake Malongo wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini na kugeuza uso kuelekea kule nje ambako fimbo zilikuwa zimeegemezwa. Kalisti akamimina chai yake kwenye kisosi ipoe, akaivuta kwa sauti. Nimewaona watu waovu katika maisha yangu, lakini uovu wa kutoa roho ya mtu ili usiseme "nilisahau", huku unakunywa chai, sijauona tena.

Nilitoka stoo. "Anasema uongo," nikasema. "Waya aliufunga vibaya. Nilimsikia. Alisema hajui, akafunga zote mbili."

Kalisti alicheka, akawatazama wageni. "Watoto wa shule! Mwimbaji huyu. Umeme ataujulia wapi?"

Malongo hakunitazama mimi wala yeye. Alimtazama Editha, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika. "Mama," akamwambia kwa upole, "huyu binti anasema kweli?"

Nilidhani atasema "tayari", au atainama na kumimina chai. Editha akatua birika sakafuni. "Kweli," akasema. "Nilimwambia aende Rulenge akaulize. Akasema ataaibika."

"Editha!"

"Na viatu alimvua yeye."

Kalisti akasimama. Akasema wanawake wa nyumba hii wamerogwa pia, wageni wajionee wenyewe jinsi jambo lilivyo kubwa. Malongo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. "Umeme unakuja saa ngapi?"

"Jioni," nikamjibu.

"Basi tutasubiri."

Wakasubiri. Sijawahi kuona mchana mrefu kama ule. Wanaume watatu wamekaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, mikono juu ya magoti. Kalisti kati yao, akianza hadithi na kuikatisha, akianza nyingine. Editha akapika, wakala ndizi wakashukuru. Kalisti hakumaliza sahani. Mara moja aliinuka kwenda chooni, na mmoja wao akainuka naye, akamsindikiza kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Jua liliposhuka, taa ya sebuleni ikapepesa, ikawaka.

Malongo akaomba maji. Editha alimpa kata, naye akayamwaga sakafuni polepole, mbele ya amplifaya, yakaenea. Akazichukua zile nyaya zilizomenywa na kumwelekeza mwenzake azichomeke. Vioo vikaanza kuwaka kidogo kidogo. Gitaa la Masanja lilikuwa limetundikwa ukutani kwa ukanda wake; akalitungua kwa ukanda, bila kugusa nyuzi, waya wake ukining'inia haujaunganishwa na mashine, akamnyooshea Kalisti.

"Profesa, umesema mashine haina kosa. Mchawi yuko ng'ambo ya uzio, hapa hayupo. Vua viatu, unga waya, utupigie. Ukimaliza wimbo mmoja, sisi tutakwenda kwa huyo bibi. Kama hupigi, tunakwenda kumwona ndugu yetu, halafu nyumbani."

Hakuna aliyemshika Kalisti. Hakuna aliyemtishia. Mlango ulikuwa wazi. Alilitazama gitaa, akayatazama maji, akatazama viatu vyake vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri. Nikaona jasho linajikusanya juu ya mdomo wake. Ilikuwa rahisi kabisa kusema neno moja la kweli, na hata hapo hakuweza.

"Leo," akasema, "mikono inaniuma."

Malongo akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akalirudisha gitaa ukutani kwa uangalifu, mwenzake akachomoa nyaya, wakamshukuru Editha kwa chakula na kumuaga mmoja mmoja, wakachukua fimbo zao. Kalisti hawakumuaga. Tukawasikia wakienda barabarani, wanaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, wanaelekea upande wa hospitali.

Walipokwisha kupotea, Kalisti alikaa, akavuta pumzi, akafungua kifungo cha shati, na rangi ikaanza kumrudia usoni. "Mmeona?" akasema. "Nimewatuliza bila hata kupigana."

"Kalisti," Editha akamwambia. "Nyamaza."

Akanyamaza. Nilimtazama nikisubiri, na kweli, alinyamaza. Tukiwa bado hivyo, yeye kitini, sisi wawili tunakausha maji sakafuni kwa gunia, hodi ikapigwa mlango wa uani. Bibi Leokadia aliingia ameinama, na kigae mkononi. Moto wake ulikuwa umezimika, alikuja kuomba kaa. Hakujua lolote. Akatuuliza tumeshindaje, akauliza kijana wa gitaa anaendeleaje, akasema amemwombea rozari. Kalisti alikuwa anaangalia sakafu.

"Kalisti," Editha akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye gunia. "Mama ameingia. Msalimie."

Ilimchukua muda. Nilitaka aone haya, nikamchungulia usoni nizione, na sikuziona. Nilichokiona ni mtu aliyekereka kwa kusumbuliwa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Bibi Leokadia akamwitikia, akiwa ameweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha Kalisti. "Mungu akupe maisha marefu."

Na alimpa.